Gitaa la Kushoto

Nianze na ujinga wenyewe, maana nisipousema mimi, dada yangu atausema, na yeye huongeza chumvi. Nilikuwa na hedifoni nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kumiliki. Ilikuwa nzima. Nikaibeba, nikavuka nayo mpaka, nikaenda kumfokea mama aliyeniuzia kwamba upande wake wa kushoto umekufa. Alipokataa kuipokea nikaibadilisha kwa mbovu, na ile mbovu nikaibadilisha kwa mbovu zaidi. Wiki kumi nilizunguka Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, nikitafuta hedifoni inayolia pande zote. Hedifoni zote zilikuwa zinalia. Lililokufa lilikuwa sikio langu.

Haya, umeshajua. Kama unataka kucheka, cheka sasa. Huko mbele nafasi za kucheka zinapungua.

Kilichoniponza ni gitaa. Binamu yangu anafanya kazi Malaba kwa ajenti wa forodha. Kazi yake ni kukimbiza karatasi za malori kutoka dirisha hili hadi lile huku madereva wakimtukana kwa lugha nne. Likizo moja nilikwenda kumtembelea, nikawa namchosha: kila lori namuuliza limebeba nini, kila dereva anayelalamika namwigiza. Mwishowe akavua hedifoni yake shingoni akanivika kwa nguvu, kama mtu anayemfunga mbwa mdomo.

"Sikiza hii, unyamaze kidogo, watu wapumzike."

Ulikuwa wimbo wa rumba ambao mama huupiga karibu kila siku pale anaposaga njugu. Niliujua mwanzo hadi mwisho, au nilidhani naujua. Gitaa likaanza upande wa kulia, lile lile la siku zote, linaimba kama mtu anayejua anatazamwa. Halafu upande wa kushoto nikasikia gitaa jingine. Sikuwahi kujua lipo. Lilikuwa dogo, halina majivuno, linajibu chini chini, kama mtu anayemnong'oneza jirani yake kanisani jambo ambalo padri hapaswi kulisikia. La kulia likisema neno, la kushoto linalimalizia. La kulia likitulia, la kushoto linaendelea kidogo peke yake, halafu nalo linaona aibu, linanyamaza.

Nikanyamaza na mimi. Binamu yangu akashtuka, akaniuliza kama naumwa.

Kanisani kwetu kuna gitaa moja lenye nyuzi tano. Kila kijana anayelishika anataka kupiga mbele, asikike, wasichana wa kwaya wageuke. Mimi tangu siku ile niliamua nitakuwa wa nyuma. Nitajifunza lile la kushoto kwa kulisikiliza mpaka vidole vielewe vyenyewe. Mwalimu wa kwaya alinicheka, akasema, "Wewe? Ukae nyuma? Wewe hata kwa matanga unataka kukaa mbele." Lakini akaniambia nikijua wimbo mmoja vizuri nitakaa na wapigaji. Sikuwa na mwalimu mwingine wa gitaa. Mwalimu wangu alikuwa yule mtu asiyejulikana wa upande wa kushoto, na ili nimsikie nilihitaji hedifoni ya maana, maana zangu zilikuwa zile ndogo za waya za kuchomeka sikioni, zinazotoa sauti kama nzi aliyefungiwa kwenye kibiriti.

Likizo yote nilipepeta njugu za mama. Mama ana mashine ya kusaga njugu na simsim karibu na soko, upande wa Uganda, na inalia kiasi kwamba sisi wa nyumba hii tumezoea kupigiana kelele hata tukila. Alinilipa kama mtu wa nje, kwa mara ya kwanza. Nikaenda kuchagua.

Hapa lazima nieleze namna watu wa kwetu wanavyonunua vitu. Wa Uganda wanaamini vya Kenya ndivyo orijino. Wa Kenya wanaamini vya Uganda ndivyo vya bei ya huruma. Basi kila asubuhi wanapishana pale mpakani, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Na kitu kikiharibika, ukiuliza, kilitoka ng'ambo. Sijawahi kumsikia mtu wa Busia akisema kitu chake kimeharibika kwa sababu yake mwenyewe. Nimelelewa hivyo.

Nilichagua kwa wiki tatu. Nilikuwa na wimbo wangu kwenye simu, lakini wauzaji hawataki wimbo wako, wana wao. Kijana mmoja upande wa Kenya alinivika hedifoni kubwa kama bakuli mbili, akafungulia kitu kinachogonga kama polisi mlangoni.

"Skiza hiyo bezi, msee! Unaskia hadi kwa magoti?"

"Nasikia. Sasa gitaa liko wapi?"

"Gitaa gani?"

"La kushoto. Niwekee wimbo wangu."

Akaniwekea huku amekunja uso. Bezi ilikuwa imelikalia gitaa kabisa, hata lile la kulia. Nikamwambia hapana.

"Wewe unatafuta hedifoni ama unatafuta mtu amepotea?" akaniuliza, na wenzake wakacheka. Nilicheka pia. Lilikuwa swali zuri.

Ile niliyoinunua niliipata kwa mama mmoja mwenye kibanda cha vitu vya mtumba, upande huo huo wa Kenya, nyuma ya wanaouza ndoo. Ilikuwa nzee, ya waya, haina taa wala haikunjiki, ngozi ya kwenye sponji inabanduka kama gome la mpera. Nilipoivaa nikaweka wimbo wangu, yule mtu wa kushoto akaja, tena karibu zaidi kuliko kwenye ile ya binamu. Nilisikia mpaka vidole vyake vinavyoteleza kwenye uzi. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mwenye kibanda alikuwa ananiangalia.

"Hii si ya kuonekana nayo," akasema. "Ukitaka ya kuonekana nayo, nenda pale mbele kwa vijana."

"Naitaka hii."

"Haya, chukua, lakini ujue: mali ikivuka haina kurudi. Usiniletee hapa kesho na mama yako."

Siku tisa. Nimezihesabu baadaye mara nyingi, ndiyo maana nazijua. Siku tisa nilikaa na yule mtu. Nilijifunza mstari wake wa kwanza wote na nusu ya wa pili.

Halafu nikapata matumbwitumbwi. Shule nzima ilikuwa nayo, mashavu ya darasa letu yalikuwa kama mkutano wa watu walioiba mandazi, na nilikuwa nimewachora wote kwenye daftari la jiografia kabla mimi mwenyewe sijavimba. Nikarudishwa nyumbani, mama akanipeleka Lumino kwa bibi yangu, kukhu kama tunavyomwita, nipumzike mbali na mashine.

Kukhu ana dawa moja tu ya matumbwitumbwi, na kila aliyekulia huku anaijua. Unajitwika kichwani mzigo mdogo wa kuni, unauzunguka mti wa mvungunya, ule wenye matunda yanayoning'inia kama soseji, unauambia mti ubaki nayo, ubaki nayo. Halafu unaitupa mizigo yako pale, kuni na ugonjwa, unakimbia hadi nyumbani bila kuangalia nyuma. Ukiangalia nyuma, yanakufuata.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Kuni kichwani, mashavu kama puto, watoto wa jirani wamepanga mstari kando ya muhogo wananitazama. Nifanye nini? Nilizunguka nikiimba kwa sauti ya askofu. Nikatupa kuni. Nikaanza kukimbia, nikasikia watoto wanacheka, na mimi nikisikia watu wanacheka siwezi kuondoka hivi hivi. Nikageuka, nikaupungia mti mkono polepole, kama mheshimiwa anayepanda helikopta.

Kukhu alikuwa mlangoni.

"Umeangalia nyuma?"

"Hapana, kukhu."

"Nimekuona na macho yangu."

"Nilikuwa naangalia kama watoto wako salama."

Hakucheka. Alisema, "Yakirudi hayarudi pale pale yalipokuwa," akaingia ndani kuchochea moto. Sikuitilia maanani. Kukhu pia husema ukipiga mluzi ndani ya nyumba unaita nyoka, na mimi nimepiga mluzi miaka yote na nyoka hawajanijali.

Siku chache baadaye mashavu yakashuka, nikarudi Busia. Asubuhi moja nikaamka nyumba imeinama. Nilishika ukuta mpaka ikasimama wima tena. Na ndani ya kichwa, upande wa kushoto, kulikuwa na mvumo kama mashine ya mama inayosagia mbali, mtaa wa tatu, ila hii haikuzimwa. Nikafikiri ni njaa. Nikanywa uji, nikavaa hedifoni, nikaweka wimbo.

Gitaa la kulia likaja. La kushoto halikuja.

Niliipiga hedifoni kofi. Nilipuliza kile kipini cha waya, nikakilamba, nikakipangusa kwa shati. Nilikunja waya hivi na hivi. Kitu kimoja sikukifanya: sikuigeuza. Sikuiweka ile ya kushoto kwenye sikio la kulia, jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angelifanya. Kulikuwa na herufi ndogo zimeandikwa ndani, upande huu kulia, upande huu kushoto, na mimi, ambaye sijawahi kutii maandishi yoyote, hata yale ya usikojoe hapa, zile herufi nilizitii kwa wiki kumi.

Sasa nadhani nilijua. Si kujua kwa kusema. Kujua kwa kukwepa. Kwa sababu kama tatizo ni sikio, basi ni kwa kuwa niliangalia nyuma, na kosa ni langu, na kukhu atasema, na mama atasema, na watasema kwa miaka. Kama tatizo ni hedifoni, kosa ni la mwenye kibanda, tena wa ng'ambo. Nikamchagua mwenye kibanda.

"Upande mmoja umekufa," nikamwambia.

Akaivaa, akachomeka kwenye simu yake, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotaka. "Uko sawa."

"Haulii."

"Unalia, kijana. Labda umejaza njugu masikioni." Wauza ndoo wakacheka. "Na hata kama umekufa, nilikwambia. Mali ikivuka haina kurudi."

"Mbona imerudi? Si hii hapa?"

"Hiyo imekuja kutembea tu."

Lilikuwa jibu zuri na liliniuma kwamba halikuwa langu. Nikaanza kumtukana, si matusi makubwa, ya ukubwa wa shule. Aliinamisha kichwa akanitazama, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Wewe ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana," nikasema.

Hilo ndilo neno ambalo ningelirudisha kama maneno yangerudi. Ilikuwa siku ya tatu tangu asubuhi ile nyumba ilipoinama.

Upande wa Uganda kuna vijana wanaobadilisha: unaleta yako, unaongeza kitu, unaondoka na nyingine. Nikampa mmoja wao ile nzee na saa yangu ya mkono, akanipa hedifoni isiyo na waya, ina taa za buluu zinazozunguka kama gari la wagonjwa. Niliijaribu pale pale. Kushoto kimya.

"Boss, hii spika bado mpya," akaniambia. "Spika mpya iko kama viatu mpya. Nakuja kufunguka polepole. Pea yeye siku nne."

Nikaipa siku nne. Nikaipa saba. Nilikaa nayo imewaka taa zote, naiambia ifunguke. Halafu nikairudisha na viatu vyangu vya mpira juu, nikapewa nyekundu yenye redio ndani. Hiyo haikuwa na gitaa lolote, la kushoto wala la kulia, ilikuwa na mtangazaji tu. Ile nzee iliyobanduka niliiona mara moja baadaye shingoni mwa mwendesha baiskeli mmoja wa kubeba magunia. Alikuwa anatikisa kichwa. Nilimfuata hatua kadhaa, halafu nikaacha. Ningemwambia nini?

Wiki hizo nilikuwa nachekesha watu bila kufanya kazi yoyote. Mwalimu wa hesabu akiniita kutoka kushoto, nageuka kulia, namjibu ukuta. Darasa linaanguka. Mtu akipiga simu uani, nazunguka kama kuku nikitafuta inakolilia. Siku moja, njiani karibu na soko, baiskeli ilinipita ikanikwangua kiwiko, mwenyewe akapiga kelele, "Wewe kiziwi?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, na wewe ni kipofu, tufungue hospitali." Watu wakanipigia makofi. Nilifika nyumbani nikakaa chooni mpaka dada yangu akagonga.

Siku iliyomaliza mambo, mama alinituma Malaba na ndoo ya njugu za kusaga, mteja wake ana hoteli kule. Nikapitia kwa binamu. Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi macho yanachoka. Alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, hedifoni ile ile shingoni, ile iliyoanzisha yote. Nikamwomba. Nikatafuta wimbo, nikaivaa.

"Hata yako imekufa kushoto," nikamwambia. Nakumbuka nilifurahi. Nilifikiri: kumbe zote, kumbe ni ugonjwa wa hedifoni.

Aliichukua akaivaa. Nikamwona anatikisa kichwa, halafu bega la kushoto linacheza kidogo, pale pale ambapo yule mtu huingia. Akaivua. "Hii iko sawa, wewe," akasema, na bila kufikiri chochote akanirudishia kichwani vile ilivyomjia mkononi, nyuma mbele.

Gitaa la kushoto likaja. Lilikuja sikio la kulia. Lote, na aibu yake, na kule kuteleza kwa vidole. Na lile jingine, la majivuno, nililolisikia maisha yangu yote, lilikuwa halipo. Nikasogeza mikono nikaigeuza tena. Akaja wa kulia, akaondoka wa kushoto. Nikageuza. Mmoja akiingia mwingine anatoka, kama watu waliokosana ambao hawawezi kukaa chumba kimoja.

"Si umesikia?" binamu akasema.

"Nimesikia."

"Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa."

Nikamrudishia, nikamwambia nina haraka, nikasahau ndoo. Nilitembea kando ya malori na honi zilikuwa zinanijia kutoka kila mahali na kutoka popote. Sikulia. Ningependa kuandika kwamba nililia, ingependeza. Nilikuwa nasema kimoyomoyo mstari wake wa kwanza, ule ninaoujua wote, na nusu ya wa pili, na nikifika pale kwenye nusu nasimama, kwa sababu sijui kinachofuata.

Nilimwambia mama kesho yake, mashine ikiwa inanguruma. Ilibidi nipige kelele.

"Mama! Sikio langu la kushoto halisikii!"

"Lizike!" akanijibu. "Kesho nipike chai ya matanga?"

Nilistahili jibu hilo. Nikiwa darasa la saba nilijifanya kiziwi siku tatu ili nisiteke maji, nikaigiza vizuri mpaka mchungaji akaniwekea mikono, halafu nikaponea mbele ya kanisa siku ambayo kulikuwa na pilau. Mama hakusahau. Nilisimama pale na ungo wa njugu, nikasema tena, "Mama, ni kweli," na nikasikia mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyofanana na ile ya uongo. Sina sauti nyingine. Nikaendelea kupepeta.

Yaliyofuata nilisimuliwa na dada yangu. Saa ya mchana mama alizima mashine, akaifunika kwa kitambaa chake. Akaja nyuma yangu taratibu, upande wa kushoto, akainama karibu na sikio. Dada anasema alinong'ona, "Leo nimenunua kuku." Akangoja. Akanong'ona tena, "Kuku mzima. Na mapaja yote mawili ni yako." Mimi nilikuwa naokota mawe kwenye njugu. Nilikuta moja jeusi, nikalitupa. Dada anasema mama alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono kwenye goti, kwa muda mrefu kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, halafu akanigusa bega, nami nikaruka.

"Vaa viatu," akasema. "Tunaenda Tororo."

"Viatu vya mpira nimevibadilisha."

"Vaa vya shule."

Huko Tororo kuna hospitali yenye dada wa kupima masikio. Aligonga chuma chenye pembe mbili akakiweka katikati ya paji la uso wangu, akaniuliza kinalia wapi. Nikamwambia kulia. Akaandika. Akaniingiza kwenye chumba kidogo chenye zulia ukutani, akanipa kitufe nishike, akanivika hedifoni.

Ilikuwa hedifoni bora kuliko zote. Nzito, laini, inashika kichwa kama mikono ya mtu anayekupenda. Kimya chake kilikuwa safi. Kama mtu angeniwekea wimbo wangu ndani ya ile, ningesikia hata huyo mpiga gitaa akivuta pumzi.

"Ukisikia mlio, hata mdogo, bonyeza."

Kulia nikabonyeza, nikabonyeza, milio midogo kama mbu aliye nchi nyingine, nayo nikaibonyeza. Halafu akasema sasa kushoto. Nikangoja. Nikaona mkono wake unasogea kwenye mashine, nikabonyeza. Ukasogea tena, nikabonyeza. Nikaona naendelea vizuri. Nimefaulu mitihani mingi kwa kuangalia mkono wa mtu. Mama alikuwa ameketi nyuma ya kioo ananitazama, kila nikibonyeza anainua kidevu kidogo, kama anavyofanya nikisoma somo kanisani.

Yule dada akaweka mikono yote miwili mapajani. Nikabonyeza.

"Sijacheza kitu," akaniambia. Hakuwa mkali. "Acha kunisaidia."

Basi nikaacha. Nikakaa na kile kitufe mkononi. Alisogeza vidole muda mrefu, na mimi sikubonyeza, na mama nyuma ya kioo akaacha kuinua kidevu.

Baadaye alitueleza mezani. Matumbwitumbwi mara chache huingia hadi ndani ya sikio yakaua kile kinachobeba sauti. Huwa upande mmoja. La kulia ni zima, nilitunze. La kushoto halitarudi.

"Hakuna dawa?" mama akauliza.

"Siku zile za kwanza kuna dawa tungejaribu. Singekuahidi, mama, mara nyingi haisaidii. Lakini tungejaribu." Akanigeukia. "Ilianza lini?"

"Wiki kumi zilizopita."

"Wiki kumi ulikuwa unafanya nini?"

Nilikuwa na majibu matatu ya kuchekesha. Yalikuja yenyewe, yakajipanga. Nikamwangalia mama.

"Nilikuwa nabadilisha hedifoni," nikasema.

Yule dada hakuelewa, ikabidi nieleze yote: mama wa kibanda, taa za buluu, viatu, zile herufi. Nilipofika kwenye mti wa mvungunya na mheshimiwa wa helikopta alificha mdomo kwa kalamu. Mama hakuficha chochote. Alikuwa anaangalia sikio langu, lile la kushoto, ambalo kwa nje halina kasoro yoyote, zuri tu, lina hata kovu dogo la kuku aliyenidonoa nikiwa mtoto. Nilimuuliza yule dada kama ni kwa sababu niliangalia nyuma. Akasema si hivyo. Lakini alisema vile watu wanavyosema wakikuhurumia, na sasa sijui.

Tulitoka nje. Mwamba wa Tororo ulikuwa pale juu kama kawaida, watu wanauza ndizi, mtu mahali fulani alikuwa amefungulia redio na sikuweza kujua ni upande gani. Tulitembea hadi kituoni. Mama alianza kutembea kushoto kwangu, akasimama, akanizunguka, akaja kulia. Nilitaka anipige. Nilitaka aniulize kwa nini sikusema, ingawa nilisema, ingawa nilichelewa kusema. Nilimwambia, "Mama, nisamehe," na hakunijibu mpaka tumefika na tumesimama kwenye kivuli cha duka, na hapo akasema:

"Kuanzia leo utalala na sikio zuri juu. Asubuhi mimi siwezi kuita mtu mara mbili."